Kiingilio cha baiskeli mnachukua kila siku, jembe halijaonekana njiani tangu masika

Wakuu, salaam. Wakubwa wa humu shikamooni. Modi, nakuomba uzi huu usiuunganishe na ule wa maeneo mazuri ya kutembelea Arusha. Hapa simtembezi mtu, nalalamika.

Nawasema watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wasimamizi wa njia za baiskeli kwenye msitu mmoja wa miteremko ya Meru. Wa pili ni wenye kijiwe cha kukodisha baiskeli wanaopeleka watu kwenye njia hizo hizo. Majina sitaji, sina hela ya wakili. Wakisoma watajijua.

Langoni unalipa kiingilio, unalipa na cha baiskeli juu yake, unapewa risiti safi kabisa. Kulipa sina shida nako. Msitu unalindwa na watu, na watu wanakula. Shida ni kwamba ukishavuka lango unakuta kilichokuwa njia sasa ni korongo. Masika iliyopita maji yamechimba katikati mpaka pedali zinagonga kingo za pande zote mbili. Mizizi imebaki inaning'inia. Kuna mti umelala njiani tangu mvua za kwanza. Watu wakachonga kichochoro cha kuuzunguka, na kichochoro nacho kimeshakuwa tope. Ila ubao wa kuelekeza njia ya baiskeli upo, na umepakwa rangi upya. Rangi! Yaani mwenye brashi alipatikana, mwenye panga na jembe hakupatikana.

Ukiuliza, jibu ni moja: "Baiskeli zenu ndizo zinazoharibu."

Hapo ndipo ninapochemka, kwa hiyo mnivumilie nieleze kidogo.

Adui wa njia ya mlimani ni maji. Udongo wa Meru ni wa volkano. Kiangazi unakuwa vumbi linalokufika kwenye kifundo cha mguu, masika unateleza huku umesimama. Njia ikinyooka kushuka moja kwa moja, mvua ikinyesha maji hayana sababu ya kwenda kwingine. Yanaingia njiani, yanapata kasi, yanabeba udongo. Na hizi njia zetu nyingi hakuna aliyekaa akazipanga. Ni mapito ya zamani ya kuburuta magogo. Gogo linaburutwa kwa mstari mfupi kuliko yote, yaani kichwa chini kuelekea barabarani. Wavunaji walipomaliza, mtu akaja na ubao akaugongomea mtini, biashara ikaanza.

Wenzetu wamelifikiria jambo hili siku nyingi. Kile chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za mlimani, IMBA, kilianzishwa Marekani mwaka 1988 baada ya waendeshaji wa California kuanza kufungiwa njia, kwa shutuma hizi hizi tunazopewa sisi. Badala ya kubishana tu, wakajifunza kuchimba njia. Wana kanuni wanayoiita ya nusu: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima pale inapokatiza. Mlima ukiwa na mwinuko wa asilimia 16, njia isizidi 8. Na kwa wastani wa njia nzima, isizidi asilimia 10. Uso wa njia ulalie kidogo upande wa bondeni, kama asilimia 5 hivi, ili maji yanayotoka juu yaikatize na kuendelea na safari yao. Halafu hapa na pale njia inayoshuka iinuke kidogo kabla ya kuendelea kushuka, ili maji yaliyokuwa yameanza kuifuata yakwame na kutokea pembeni.

Mnaona ugumu wowote hapo? Mkulima yeyote wa mlimani anayajua hayo, anayaita makingamaji na anayachimba kila mwaka. Wachagga hapo jirani wametembeza maji kwenye mabega ya Kilimanjaro kwa karne nyingi kupitia mifereji yao, mfongo hadi mfongo, bila mashine ya kupimia. Leo mnaniambia kwamba Arusha nzima hakuna mtu wa kuchimba kingamaji mita mbili, akalitupia maji porini?

Na hilo la baiskeli kuharibu, lilishapimwa. Mwaka 1994 watafiti Wilson na Seney walichapisha matokeo ya jaribio lao la Montana. Walipitisha farasi, watembea kwa miguu, pikipiki na baiskeli njiani, wakainyeshea mvua ya kutengeneza, kisha wakapima udongo uliochukuliwa na maji. Kwato na miguu vililegeza udongo kuliko magurudumu. Simaanishi sisi ni malaika. Kuna vijana wanabana breki ya nyuma mpaka tairi linaburuzika kila kona, eti ndiyo utundu, na hao wanachimba njia kweli. Kuna wanaoingia asubuhi mvua imenyesha usiku kucha, wakaacha mifereji ya tairi ambayo jua likiwaka inakauka vile vile. Hao wazuieni. Fungeni lango siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono. Ila hamfungi, kwa sababu mkifunga hamkusanyi.

Wala msiniletee habari ya bodaboda. Yule kijana anayeshusha maziwa alfajiri, na mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, walikuwepo kwenye pito lile kabla yetu, na hawakuahidiwa "njia ya baiskeli" kwa risiti. Wao ndio wanaoumia zaidi. Njia ikishakuwa dimbwi kila mtu anapita pembeni ya dimbwi, kesho dimbwi limepanuka, kesho kutwa tumeingia kwenye maharage ya mtu. Kuna mama mmoja mpakani mwa msitu ameshahamisha uzio wake kuingia ndani ya shamba lake mwenyewe. Shamba lenyewe kiduchu. Yeye risiti anampelekea nani?

Sasa nije kwenye kijiwe cha kukodisha.

Baiskeli zenu ni mtumba uliochanganyika, nyingine za Japani, nyingine za Ulaya bara. Mtumba si dhambi, ninayoendesha mimi ni mtumba. Lakini fundi yeyote anajua kwamba baiskeli iliyotoka Japani au Uingereza, breki ya mbele iko mkono wa kulia, na iliyotoka Ujerumani, Uholanzi au Marekani, breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Sisi tumekulia kwenye Phoenix, mkono wa kulia ndio wa mbele, mwili umeshazoea. Mnampa mtu baiskeli ya Ulaya bila kumwambia neno, anateremka kwenye korongo lile nililolieleza, anataka kupunguza taratibu kwa nyuma, anabana kushoto. Rafiki yetu aliyetoka Mwanza kututembelea aliruka juu ya usukani akavunjika mtulinga. Kijiwe kilisema nini? "Mgeni hana uzoefu." Ana uzoefu tele, wa baiskeli ambayo hamkumpa! Kubadilisha zile waya kushoto ziende kulia ni kazi ndogo kwa fundi wa breki za waya. Kama hamtaki hata hiyo, fungeni utepe mwekundu kwenye breki ya mbele na mumwambie mteja kabla hajapanda.

Helmeti ndiyo kabisa. Mnatoa helmeti za pikipiki zilizokufa vioo, nzito, hazina matundu, mtu anapanda mlima na jasho linamwingia machoni. Mwingine anapewa ya baiskeli ila ganda lina ufa. Povu la ndani la helmeti limetengenezwa lijisage mara moja, kichwa kisisagike. Likishapigwa kishindo limemaliza kazi, hata kama kwa nje inang'aa. Tafuteni zenye alama ya EN 1078 ndani, ambayo ni kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli, zipo hata kwenye mitumba. Mnunuzi aikague kwa ndani, abonyeze povu kwa kidole gumba, na ikilegea kamba za kidevu aiache. Helmeti inayocheza kichwani ni pambo.

Upepo wa tairi nao nani aliwafundisha? Mnapeleka baiskeli kwa jamaa wa kompresa ya pikipiki, anajaza mpaka tairi linalia ukiligonga, mteja akifika kwenye mizizi anarukaruka kama mahindi kikaangoni. Tairi pana la inchi 2.2 lenye tyubu, kwa mtu wa kilo 70, psi 30 na kidogo inatosha kabisa kwenye njia ya udongo. Linashika, linameza mawe madogo, mikono haifi ganzi. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ndiyo mwisho wake, hakuna aliyesema lazima ufike huko.

Na tairi zenyewe zimeisha meno. Meno ya tairi la mlimani yapo kwa sababu. La mbele ndilo linalokuongoza na kukushikilia kwenye kona, kwa hiyo kama una hela ya tairi moja tu jipya, weka mbele. Nyuma likiteleza utayumba, mbele likiteleza umelala. Kijiwe chenu kinafanya kinyume, eti la nyuma ndilo linaloisha haraka, kwa hiyo jipya linaenda nyuma na kipara kinakaa mbele.

Wenye mpango wa kununua ya kwenu, msidanganywe na shokapu la katikati linaloonekana dukani. Baiskeli ya bei ya chini yenye springi mbele na nyuma ni chuma kizito kinachonesa ukipanda na kugonga ukishuka. Baadhi zina kabisa kibandiko kinachosema zisitumike kwenye njia mbaya, ila muuzaji ameshabandika bei juu yake. Kwa pesa ile ile chukua mtumba wenye fremu ngumu, uma wa mbele unaofanya kazi, na breki zinazoshika. Kagua mnyororo, kagua raba za breki (mchanga wa volkano unazila upesi mno), shika tairi la mbele utikise kuona kama ekseli inacheza. Huku upande wa chini, kwenye migunga, usitoke bila tyubu ya akiba, viraka, gundi na pampu. Wenye uwezo wahamie tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu, yenye ule uji wa kuziba matundu, mwiba unaingia na safari inaendelea. Ila kwa joto letu uji unakauka baada ya miezi michache, lazima uongeze. Glovu za vidole vizima na miwani mtaona kama mbwembwe mpaka siku ya kwanza ya kupitiwa na tawi usoni.

Narudi kwa wenye lango, maana hawa wa kijiwe angalau soko litawafunza.

Nairobi wana Karura, hekta kama 1,000 za msitu ndani ya jiji, msitu ule ule ambao Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akiuzuia usigawiwe. Leo baiskeli zinaruhusiwa, njia zina alama na makutano yana namba, na idara ya misitu inausimamia pamoja na chama cha jamii. Hapa kwetu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji. Kwa hiyo mlango wa kisheria wa kushirikisha watu upo wazi. Sisi waendeshaji tuliandika barua kuomba siku ya kujitolea kabla ya vuli: majembe yetu, sururu zetu, chakula chetu, vijana wa kijijini walipwe kibarua kwa michango yetu. Tukajibiwa kwa mdomo kwamba kuchimba msituni ni kosa. Kukusanya kiingilio kwenye korongo siyo kosa, kulifukia ndiyo kosa.

Ninachodai ni hiki. Tuonyesheni sehemu ya kiingilio cha baiskeli inayorudi njiani, hata ikiwa ndogo. Kateni ule mti. Pale penye mteremko mkali kuliko pote, hamisheni njia ikatize ubavu wa mlima, hata kwa mita mia moja tu, na pito la zamani mlizibe kwa matawi lipumzike. Sehemu zilizobaki chimbeni makingamaji kabla ya Oktoba. Kazi ya jembe, hakuna greda hapo.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Wa "baiskeli za mlimani ni mambo ya wazungu", asante, kapande kwanza halafu urudi. Aliyeniuliza kwa nini nisiende Kilimanjaro kwenye njia ya Kilema ambako baiskeli zinaruhusiwa: umeziangalia bei za hifadhi, kaka? Na wewe unayejitambulisha kama mtumishi wa pale pale langoni, unayesema niende ofisini tuyaongee: nakuja. Barua yetu bado iko mezani kwenu na tarehe ya kupokelewa imegongwa muhuri. Itafute kabla sijafika, na uwe umeshaulizia ruhusa ya majembe.