Mjadala: Hadithi ya Del Boy na Rodney ilipaswa kufungwa usiku ule wa 1996, au walifanya vyema kurudi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, nikajikuta natazama tena Time on Our Hands.

Kwa ambao hawaijui: ni episodi ya Only Fools and Horses, kichekesho cha BBC kilichoandikwa na John Sullivan na kuanza kurushwa Septemba 1981. Ndugu wawili wa Peckham, kusini-mashariki mwa London: Del Boy (David Jason) na mdogo wake Rodney (Nicholas Lyndhurst). Mama alikufa, baba akatokomea, Del akamlea mdogo wake. Wanakaa ghorofa ya 12 katika jengo la kaunsili liitwalo Nelson Mandela House, na jina hilo lilikuwepo miaka ya 80, Mandela mwenyewe akiwa bado kifungoni. Kazi yao ni mishentauni. Sanduku mkononi, bidhaa zisizoulizwa zilikotoka, jicho moja kwa mteja, jingine kwa polisi. Aliyewahi kumwona machinga wa Kariakoo akikunja turubai baada ya kusikia "mgambo!" hahitaji kuelezwa zaidi. Na kila siku wimbo ni ule ule: mwakani wakati kama huu tutakuwa mamilionea.

Tarehe 29 Desemba 1996 wakawa mamilionea kweli. Baba wa Raquel, mpenzi wa Del, muuza vitu vya kale, alikuja gereji kuchukua gari lake, akaokota saa kuukuu iliyokuwa imetupwa humo miaka mingi pamoja na takataka nyingine. Ikaenda kwenye mnada wa Sotheby's, ikauzwa pauni milioni 6.2. Watu milioni 24.3 walitazama usiku ule, na hakuna kichekesho cha Uingereza kilichowahi kufikisha idadi hiyo. Kwa wengi wetu ule ndio ulikuwa mwisho. Halafu 2001 wakarudi, wamefilisika, wakatuongezea Krismasi tatu.

Swali langu: walikosea kurudi?

Msimamo wangu nautaja mapema. Walikosea. Ila sababu yangu siyo ile saa.

Kinachoifanya episodi hii iwe kipenzi changu ni lifti. Cassandra, mke wa Rodney, mimba yake imeharibika. Rodney amejifunga, haongei na mkewe wala kaka yake. Del anaingia naye kwenye lifti ya lile jengo, lifti inakwama. Wamesimama humo wawili, hakuna pa kukimbilia, na polepole vicheko vya hadhira vinapungua, Rodney anaanza kumwaga yaliyomjaa. Akishamaliza, Del anaiamsha lifti. Mwenyewe ndiye aliyekuwa ameisimamisha. Mtu aliyetapeli mtaa mzima kwa miaka 15, utapeli wake mzuri kuliko wote ni ule, na hakuambulia hata senti.

Mwaka 2009 nilikuwa natunza wazee, kusini-mashariki mwa London huku huku. Kulikuwa na bibi mmoja, mzaliwa wa maeneo haya, ambaye kila Jumapili jioni lazima aiweke. Rimoti yake ilikuwa imepoteza kifuniko cha betri, ameifunga kwa plasta ya kidonda. Ikifika pale mwisho Del, Rodney na mzee Albert, ndugu wa babu yao, wanatembea kuelekea jua la kuchorwa, anabonyeza, kioo kinakuwa cheusi. Nikamwambia, bibi, ziko nyingine baada ya hii. Akanijibu kwamba kwake hakuna nyingine.

Karibuni.

Kipara wa Ilala

Naunga mkono hoja, tena kwa mikono miwili. Unamtajirisha mtu, unamwacha mtazamaji miaka mitano anaamini jamaa katoka, halafu unakuja kumwambia aah, hela zote zimepotea kwenye masoko ya fedha ya Amerika ya Kati. Dakika chache tu mtu karudi Peckham, kwenye kapeti lile lile. Huo ni uonevu.

Na watu wenyewe walikuwa hawapo tena. Buster Merryfield, mzee Albert, alifariki 1999. Kenneth MacDonald, aliyecheza Mike, yule mwenye baa, alifariki Agosti 2001, miezi michache kabla hawajarudi hewani. Ukiingia baa ile humkuti Mike kaunta, wanakwambia yuko jela. Unarudije kwenye nyumba ambayo nusu ya wenyeji wameshatangulia?

Fundi Saa

Mimi nazungumzia saa, maana ndiyo kazi yangu hapa Mombasa, na mleta mada kaipita haraka.

Kwenye episodi, saa ile inasemekana ni kazi ya John Harrison. Huyo alikuwepo kweli. Seremala, mtoto wa seremala, alizaliwa 1693. Bunge la Uingereza lilitangaza 1714 zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayewezesha manahodha kujua longitudo, yaani wako umbali gani mashariki au magharibi, wakiwa baharini, kwani meli zilikuwa zikipotea na kuvunjikia miambani. Wenye elimu wakaangalia mwezi na nyota. Harrison akatengeneza saa. Ile ya nne, yenye umbo la saa ya mfukoni lakini kubwa kama sahani ndogo, ilisafirishwa hadi Jamaika 1761, na safari nzima ilipotea sekunde kama tano. Kuna saa za mkononi naletewa hapa zinapotea dakika tano kwa siku, na mwenyewe anasema "ni ndogo tu hiyo, fundi."

Saa ya akina Trotter, yaani Del na Rodney, ni ya kubuni, lakini Sullivan hakubuni ovyo. Fundi asiye na shule rasmi, wakubwa wakimzungusha miaka kwa miaka bila kumlipa zawadi yake yote. Kisha kazi ya mkono wake inakuja kumkomboa mchuuzi asiye na shule wa Peckham. Na saa zenyewe ziko Greenwich, jirani kabisa na Peckham. Hilo wengi hawalioni.

Kuhusu kurudi au kutorudi sina neno.

Mama Wawili

Naomba kutofautiana na mleta mada, na nitatumia lifti yake mwenyewe.

Mwaka 2014 nilipoteza mimba ya miezi minne. Mume wangu hakusema neno. Alitengeneza geti. Geti lilikuwa zima, alilitengeneza tu. Akalipaka rangi, akalikwangua, akalipaka tena. Mama mkwe akanong'ona kwamba huyu kijana hana uchungu. Hakuwa na lifti wala kaka wa kuikwamisha. Nilipokuja kuiona episodi hii miaka mingi baadaye nilimwita akae, tukaitazama, na mpaka leo hatujaizungumzia, ila tulikaa.

Sasa niambieni. Pauni milioni 6.2 zilimjibu nini Rodney? Sullivan aliwafungulia watazamaji kidonda, akakifunika kwa noti. Mnakumbuka gari la magurudumu matatu likitikisika nje ya mnada kwa makelele yao, mnakumbuka Del akimnunulia mdogo wake Rolls-Royce, mnakumbuka baa nzima ikikaa kimya kisha ikapiga makofi. Vizuri. Cassandra je? Yeye alipata nini?

Alipata 2003. Katika ile ya mwisho kabisa, Sleepless in Peckham, anajifungua mtoto wa kike, wanampa jina la Joan, mama yao Del na Rodney aliyekufa. Bila kurudi, hilo halipo. Ninyi mnaosema iishie 1996 mnataka iishie kwenye hela. Mimi nataka iishie kwa mtoto.

Kipara wa Ilala

Dada, pole sana, na hapo umenibana. Lakini mtoto angeweza kuja bila kuwafilisi!

Shemeji Mkorofi

Mada yenyewe mmeikosea tangu kichwa cha habari. Episodi bora siyo hiyo.

Lennard Pearce, aliyecheza Babu yao Del na Rodney, alifariki Desemba 1984 katikati ya kurekodi. Watu wengine wangetafuta mwigizaji mwingine wakamvalisha kofia ile ile, tukaendelea. Sullivan akaandika mazishi. Strained Relations, Februari 1985. Wamesimama kaburini, huzuni tupu, wanateremsha kofia ya Babu imsindikize. Dakika moja baadaye mchungaji anatafuta kofia yake. Wamezika kofia ya mchungaji!

Nimehudhuria misiba ya pwani na ya bara, na nawaambia hiyo ndiyo misiba ilivyo. Mahali fulani kati ya dua na pilau lazima mtu atachekea kwenye kitenge.

Halafu usiku Rodney anamlaumu kaka yake kwamba ameshasahau, anacheka na watu. Del anamgeukia. Hajasahau, hata hajaanza kuomboleza, kwa sababu hajui pa kuanzia. Tangu ujana yeye ndiye wa kubeba. Ndani ya dakika thelathini tu, na hakuna mnada wa Sotheby's. Waliobaki na Time on Our Hands wanapenda fataki.

Na kabla hamjaniletea ile ya taa ya kioo ya 1982: ndiyo, nimecheka mpaka nikakosa pumzi. Del na Rodney juu ya ngazi na turubai wanasubiri taa, Babu ghorofani anafungua nati, na taa ya upande wa pili ndiyo inashuka. Walikuwa na nafasi moja tu ya kuipiga picha, wakaipata. Lakini ile ni kicheko. Kofia ni zaidi.

Mwenda Pole

Mkorofi kama kawaida, lakini kwenye kofia niko naye.

Niongeze kidogo kwa haki. Misimu ya mwanzo ina maneno ya dharau kwa Waasia ambayo leo yananikaa vibaya, na mimi duka langu la kona mwenyewe ni Mgujarati wa Kampala aliyefukuzwa na Amin. Naipenda hadithi hii, ila nikitazama na watoto kuna mahali naikohoa.

Kwenye swali: walirudi kwa sababu watu walitaka. Krismasi ya 2001 walitazamwa na zaidi ya watu milioni 20. Hiyo ni kura.

Shemeji Mkorofi

Ajali barabarani nayo watu husimama kuitazama. Nayo ni kura?

Mleta mada

Nimeamka. Nijibu machache.

Mkorofi, kofia nakuachia. Fundi, asante, sikujua hayo ya sekunde tano.

Dada Mama Wawili, wewe umeniharibia asubuhi. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nilikuwa naiona 2003 kama ya kuziba pengo, wameishiwa mafuta. Mzee Albert akiwa marehemu anawaachia urithi wa pauni 290,000 ili deni liishe. Nikasema huu ni mkono wa mwandishi, siyo wa Albert. Bado nasema hivyo. Lakini mtoto sikumweka kwenye mizani.

Ila kuna hili. Episodi hiyo hiyo inamwambia Rodney kwamba baba yake siyo yule aliyetoroka, ni Freddie, mwizi aliyekuwa akipendana na mama yao. Miaka 22 tumeamini hawa ni damu moja kwa baba na mama. Ilikuwa na haja gani?

Mama Wawili

Haja kubwa. Na halikuzuka 2003. Rudi The Frog's Legacy ya Krismasi 1987, Freddie yupo pale, na Rodney tayari ameshaanza kujiuliza kuhusu yeye na Freddie. Sullivan alipanda mbegu miaka 16 kabla ya kuvuna. Huwezi kusema aliishiwa mafuta. Baadaye hata aliandika tamthilia ya ujana wa mama yao, Rock & Chips, na aliyemcheza Freddie ni Nicholas Lyndhurst. Yaani Rodney kamcheza baba yake Rodney. Sehemu ya mwisho ilirushwa Aprili 2011, siku chache baada ya Sullivan kufariki.

Na fikiria anachofanya Del. Alimlea mtoto ambaye kumbe baba zao ni tofauti. Rodney anamuuliza, nafanana naye? Del anamhakikishia kwamba hafanani naye hata kidogo. Hiyo ni lifti ya pili, mkuu. Wewe hukuiona kwa sababu ulizima kioo.

Kipara wa Ilala

Dah.

Mwenda Pole

Mleta mada, yule bibi wako aliwahi kuziona hizo za baadaye, au alisusa tu?

Mleta mada

Sijui kama aliziona hewani. Alipofariki nilimsaidia binti yake kufungasha vitu. Kwenye rafu kulikuwa na kanda na diski, zote zimechakaa kwa kuchezwa, maboksi yameparara pembeni. Ile ya 2003 ilikuwepo. Nailoni yake haijachanwa. Binti akasema nichukue zote, kwao hakuna anayezitazama.

Ninayo hapa kabatini. Na mimi sijaichana. Niliyotazama niliyatazama vipande vipande kwenye simu, nimesimama kituo cha basi.

Mama Wawili

Basi ichane, ukae chini, utazame yote. Tutaendelea na mjadala kesho.

Fundi Saa

Akiichana atuambie kama wameonyesha saa.