Ukuta wa Ohio State baada ya kuifunga Texas 14-7 kwenye soka ya Marekani ya vyuo: ni imara kweli, au Manning, kwotabeki (mrusha pasi) wao, ndiye alikuwa butu?

Buckeye_Mswahili

Wakuu, tujadili ulinzi tu. Mambo ya Sayin, kwotabeki wetu, na washambuliaji yana uzi wake.

Jumamosi ya tarehe 30 Agosti pale Columbus tumeifunga Texas, timu iliyoingia msimu huu wa 2025 ikiwa namba 1, na tachidauni (bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) pekee tuliyofungwa imekuja zikiwa zimebaki dakika 3 na sekunde 28. Hapo sina neno. Ila nikifungua takwimu naona Texas yadi 336, sisi 203. Wao wamekimbia na mpira yadi 166. Na tukumbuke kwamba katika kikosi cha ulinzi kilichochukua ubingwa Januari, wanane wa kwanza wameondoka, wakiwemo wote wanne wa mstari wa mbele: Sawyer, Tuimoloau, Tyleik Williams na Ty Hamilton. Kocha wa ulinzi naye ni mpya. Knowles kaenda Penn State, kaja Matt Patricia.

Sasa, yadi 336 ni ukuta unaovuja au ni namba tu? Na mnaojua kusoma mechi, nikirudia video niangalie nini hasa? Macho yangu huwa yanaufuata mpira, mwisho wa siku sioni kitu.

Dauni_ya_Nne

Mkuu, yadi za jumla ndiyo takwimu ya mwisho kuangalia, siyo ya kwanza. Zigawe kwa idadi ya michezo. Texas wamekimbia mara 37 na kurusha pasi 30, jumla 67. 336 ukigawa kwa 67 unapata yadi 5 kwa mchezo. Hiyo si aibu dhidi ya timu ya kiwango kile, wala si ya kujivunia. Ni wastani mzuri tu.

Kingine ambacho wengi hawakizingatii: kwenye soka ya vyuo, kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari kabla hajarusha, yadi alizopoteza zinakatwa kwenye mbio, si kwenye pasi. NFL, ligi ya kulipwa, ni kinyume. Humo humo kwenye mbio zimo pia zile za Manning mwenyewe. Kwa hiyo ile 166 usiisome kama kazi ya wakimbiaji wao Wisner na Baxter peke yao.

Ukitaka kipimo cha maana, chukua karatasi. Timu ina dauni nne, yaani majaribio manne, za kupata yadi 10. Dauni ya kwanza, mshambuliaji amefaulu akipata angalau nusu ya yadi anazohitaji. Dauni ya pili, asilimia 70. Ya tatu na ya nne, zote. Weka alama kila mchezo, kisha uhesabu. Mchezo wa yadi 4 kwenye dauni ya kwanza na 10 (yaani yadi 10 bado zinahitajika) ni ushindi wa ulinzi, ingawa kwenye jumla unaonekana yadi 4 zimepita. Mchezo wa yadi 2 kwenye dauni ya tatu na 1 ni kipigo.

Halafu mechi yote iko hapa: dauni ya nne Texas wamejaribu mara 5, wamefaulu 1. Hizo nne walizokwama, jumlisha pasi ya Manning aliyoinasa Jermaine Mathews Jr., ni mara tano mpira umerudi kwetu bila wao kupata hata pointi. Timu inaweza kutembea yadi 60 mara tano na isipate kitu. Ndiyo 336 zilivyozaliwa.

Sefti_Huru

Nakubaliana na hesabu, ila naongezea *kwa nini* walikwama.

Msimu uliopita chini ya Knowles tulizoea wanne mbele, lainbeka (walinzi wa safu ya pili) wawili, mabeki watano nyuma. Patricia anatoka New England ya NFL, kule shule yake ni nyingine: watu watano au zaidi wanasimama kwenye mstari, kila mmoja anaonekana anakuja, halafu mpira ukitolewa wawili wanarudi nyuma kukaba na anakuja mwingine usiyemtarajia. Idadi inayomvamia kwotabeki ni ileile nne. Kinachobadilika ni *nani*. Kwotabeki aliyeanza mechi chache za chuo anatumia sekunde nzima kutafuta ni nani, na sekunde nzima ni nyingi mno. Nusu ya kwanza Manning karusha 10, zimefika 5, yadi 26.

Namna ya kuangalia video: simamisha picha mpira ukiwa bado chini. Usimtazame kwotabeki. Hesabu watu wetu walio ndani ya yadi tano au sita kutoka kwenye mpira, kati ya takol (mzito wa pembeni wa mstari wao) mmoja wa Texas na mwenzake. Sita? Saba? Kisha angalia sefti, walinzi wa nyuma kabisa: wawili wako mbali nyuma, au mmoja? Andika. Achia picha sekunde moja, simamisha tena, hesabu upya. Jibu la pili likitofautiana na la kwanza, hapo ujue Manning alisomewa uongo. Mtafute Caleb Downs, namba 2. Mara anasimama kama sefti wa mbali, mara ameshuka kama lainbeka. Kabla mpira haujatoka hujui ni yupi kati ya hao wawili.

Wa pili wa kumfuata ni Arvell Reese. Mchezo mmoja yuko pembeni anavamia, unaofuata yuko katikati anaziba mbio. Sonny Styles naye alikuwa sefti kabla ya kugeuzwa lainbeka mwaka jana, kwa hiyo anaweza kurudi kumkaba taiti endi (mpokeaji mzito anayeanzia kwenye mstari) bila kuhitaji msaada. Ukiwa na watatu wa aina hiyo, huhitaji kubadilisha wachezaji kila Texas wanapobadilisha wao, na hawawezi kukukuta na mtu mzito kwenye nafasi ya mtu mwepesi.

Ile dauni ya nne robo ya tatu, yadi 1 kwenda goli, nayo irudieni taratibu. Manning kajaribu kupenya mwenyewe katikati. Mchezo huu hufaulu mara nyingi kwa sababu senta na magadi wake wawili, wazito wa katikati ya mstari, wanahitaji kusogea nusu hatua tu. Unakufa pale wazito wa kati wa ulinzi wanapoingia chini kuliko wao, mabega usawa wa magoti, rundo likakwama palepale, na lainbeka akamkuta mwenye mpira kwa juu. Mtazameni Kayden McDonald. Jamaa ana zaidi ya kilo 140 na bado anaingia chini.

Pembeni_Mkali

Sifa zimezidi. Niwe mchawi kidogo.

Kwanza, Manning alikosa pasi ambazo zilikuwa wazi. Chini ya miguu, nyuma ya mpokeaji, mkono ukishuka pembeni badala ya juu. Patricia hakumfundisha kurusha vibaya. Kwotabeki mwenye miguu imara angepata mbili tatu kati ya hizo, na tungekuwa tunaongea lugha nyingine hapa.

Pili, wastani wa yadi 4.5 kwa kila mbio ni mkubwa. Ukikimbiwa hivyo dauni mbili za mwanzo, ya tatu inabaki na yadi 1. Jumamosi tuliokolewa na ukaribu wa goli: uwanja ukiisha nyuma, sefti hawana tena haja ya kukaa mbali, kila mtu anasogea. Katikati ya uwanja hiyo nafuu haipo.

Tatu, robo ya nne. Yadi nyingi za Manning za pasi, kati ya 170, zilikuja humo. Mpokeaji wao Livingstone kafunga kwa pasi ya yadi 32. Sehemu ya sababu ni uchovu: ushambuliaji wenye yadi 203 unawaacha mabeki uwanjani muda mrefu. Sehemu nyingine ni kwamba tulirudi nyuma tukilinda uongozi, tukawapa nafasi za chini. Mpira wao wa mwisho, dauni ya nne na 5, Endries wa Texas kaupokea na Downs kamwangusha kabla ya alama. Ule ulikuwa ukabaji mzuri wa mtu mmoja. Mpango mzima haukuwa mzuri kiasi hicho.

Na beki wetu wa pembeni Igbinosun bado tumtazame. Msimu uliopita alipigiwa filimbi nyingi kwa kushika wapokeaji, na kukaba mtu kwa mtu ndiko kunakomtia majaribuni.

Dauni_ya_Nne

@Pembeni_Mkali hoja ya mbio naichukua. Ile ya ukaribu wa goli naona umeipunguzia uzito. Texas hawa hawa kule Arlington, karibu na Dallas, tarehe 10 Januari, walikuwa na dauni ya kwanza yadi 1 kutoka goli letu, wakaishia Sawyer kuokota mpira na kukimbia yadi 83. Wachezaji karibu wote wa mbele wamebadilika, kocha kabadilika, na bado hawakupita. Hiyo si bahati mara mbili.

Buckeye_Mswahili

Shukrani wakuu. Kwa hiyo Grambling State wiki ijayo tutajua kitu?

Sefti_Huru

Kuhusu kikosi cha kwanza, hapana, tofauti ya viwango ni kubwa mno. Tazama wa akiba kuanzia robo ya tatu, hasa wazito wa kati, maana nyuma ya McDonald ndiko hatujui kina chetu. Mtihani wenyewe wa mbio ni Seattle tarehe 27 Septemba. Washington wana Jonah Coleman anayekimbia katikati na Demond Williams Jr., kwotabeki ambaye usipomziba pembeni anakutoroka. Hapo Reese hawezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, na Patricia atalazimika kuchagua.