Naombeni riwaya mpya za maana wakuu

Habarini wakuu, naombeni mnitajie riwaya nzito zilizotoka hivi karibuni. Mi Abdulrazak Gurnah, yule mwandishi mzaliwa wa Zanzibar aliyeshinda Nobel ya fasihi, nshamsoma, nilianza na Peponi ile aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis nikaipenda balaa, sa hivi namalizia Theft iliyotoka 2025, tamu ila inaenda taratibu, ukiwa na haraka zako utaiacha njiani. Sasa nataka kitu kilichoandikwa kwa Kiswahili chenyewe sio tafsiri, naona zilizoshinda ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell (zamani Mabati-Cornell) zinasifiwa ila nianze na ipi? Zile za mapenzi za kwenye magrupu ya WhatsApp hapana jamani, zimenichosha. Na mwenye kujua duka hapa Dar lisilopiga bei anielekeze, softikopi pia freshi ila ya kununua, sio za wizi.