Nyumba ya kupangisha Houston: ajenti nimwambie ukweli wote?

Wanajumuiya, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko.

Mimi na mwenzangu tuko Houston mwaka wa sita sasa. Tumejibana, kianzio kidogo kimepatikana, tunataka kununua nyumba ya kupangisha. Jamaa wa kazini ananiambia tumweleze ajenti na benki kwamba tutakaa wenyewe, maana kianzio kinapungua na riba inakuwa nafuu. Tukishakabidhiwa funguo, tunaweka mpangaji. Anadai kila mtu anafanya hivyo. Yupo aliyepitia? Halafu kuna mkataba ajenti anataka nisaini kabla sijaona hata mlango wa nyumba. Ni kawaida au napigwa?

Mpangaji wa Alief

*

Mdogo wangu wa Alief, marahaba.

Naanza na la mkataba, ndilo jepesi. Hupigwi. Tangu 17 Agosti 2024, baada ya NAR, chama cha maajenti cha nchi nzima, kukubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi za kamisheni, ajenti anayetumia orodha yao ya pamoja ya nyumba lazima awe na mkataba wa maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza. Wewe kazi yako ni kuusoma. Malipo yake yaandikwe kwa kiasi kinachojulikana, asilimia kadhaa au dola kadhaa, na hawezi kupokea zaidi ya hicho, hata pesa ikitoka kwa muuzaji. Kiasi kinajadilika, muda pia. Mkataba wangu wa mwisho ulikuwa wa siku 30 na kwa eneo moja tu, nikijua tukishindwana tunaachana salama.

Sasa la ukweli. Mwaka 2019 na mimi nilificha. Nilimwambia ajenti tunatafuta nyumba ya familia. Sikuwa na njama yoyote, niliona haya tu: mtu wa zamu za usiku, viatu vimeisha soli, najiitaje mwekezaji? Tukazunguka Jumamosi tatu, nyumba tisa, gari lake, mafuta yake. Ile ya tisa ilikuwa Missouri City, mji wa jirani na Houston. Mke wangu alibaki sebuleni anaangalia simu. Mimi nimesimama jikoni, ikanitoka: "Hapa kodi inaweza kufika ngapi kwa mwezi?" Yule mama akafunga faili lake polepole. "Kwa hiyo hamhamii?"

Nyumba zote tisa alizichagua kwa ajili ya shule ya watoto wangu na njia ya mke wangu kwenda kazini. Hakuna hata moja ambayo kodi ya mpangaji ingetosha kulipa mkopo, kodi ya majengo na bima. Alitusindikiza hadi garini kwa adabu zote, na simu yangu hakupokea tena. Ningekuwa yeye nisingepokea pia.

Ajenti akijua wewe ni mwekezaji, anaangalia mambo mengine kabisa. Atauliza paa lina miaka mingapi. Atauliza msingi, kwa sababu udongo wa Houston unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kuta zinapasuka. Atasoma kanuni za chama cha wenye nyumba cha mtaa huo, maana vingine vinabana kupangisha. Na atapiga hesabu ya kodi ya majengo bila msamaha wa mwenye kuishi ndani, ambao kwa upande wa kodi ya shule sasa unaondoa dola 140,000 kwenye thamani ya nyumba. Wengi wetu tunaona kodi aliyokuwa analipa muuzaji, tunadhani ndiyo yetu.

Kuhusu benki, huyo jamaa yako mwache hapohapo kazini. Fomu ya mkopo ina swali waziwazi: je, utakaa humo kama makazi yako makuu? Ukijibu ndiyo na hukusudii, umesema uwongo ili upate mkopo, na hilo ni kosa la jinai la shirikisho. Ukomo wa adhabu ni miaka 30 jela na faini ya dola milioni moja. Sisemi utafungwa miaka 30. Ila sisi wenye makaratasi ya uhamiaji tuna mzigo wa ziada: fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kutenda kosa, hata kama hukukamatwa. Kwa nini ujitengenezee swali la kukunyima usingizi?

Njia halali ya kianzio kidogo ipo. Nunua nyumba yenye makazi mawili, kaa upande mmoja, pangisha wa pili. Mkopo wa FHA, ule unaodhaminiwa na serikali ya shirikisho, unakubali hadi makazi manne kwa kianzio cha asilimia 3.5 kama alama zako za mikopo zimefika 580. Uhamie ndani ya siku 60, ukae walau mwaka, na ukae kweli. Ukitaka kupangisha yote tangu siku ya kwanza, jiandae na asilimia 15 kwa nyumba ya familia moja, au 25 kwa ya makazi mawili hadi manne. Inauma, najua.

Kaka wa Sugar Land

*

Naongezea kwa ufupi, niko kazini. Jihadharini na "mtu wetu" pia. Mmoja alinirushia picha WhatsApp, nyumba yake, bei ya kutupa, nitume amana leo leo. Nilipiga simu kampuni ya hati, wakaniambia mmiliki kwenye rekodi ni mwingine kabisa. Kumbe yeye alikuwa na mkataba wa kununua tu, na alichokuwa anauza ni mkataba. Biashara hiyo si haramu, lakini sheria ya Texas ya 2017 inamtaka aseme wazi anachouza. Hakusema, nami sikutuma. Leseni ya ajenti mnaiangalia bure kwenye tovuti ya TREC, tume ya Texas inayotoa leseni hizo, jina tu linatosha. Na ile karatasi ya maelezo ya huduma anayowapa mwanzoni msiitupe. Inaeleza anamwakilisha nani, na nini kinatokea kampuni moja ikisimama kati ya muuzaji na mnunuzi. Kwa Texas hilo halifanyiki mpaka pande zote mbili zikubali kwa maandishi.

Dada wa Katy

*

Asanteni sana, kaka na dada. Mwenzangu kasoma yote, kasema "si nilikwambia". Jingine dogo: nilimuuliza ajenti mtaa ule una watu wa aina gani, akanijibu kwa kuzunguka, akanipa tovuti nisome mwenyewe. Ananificha kitu?

Mpangaji wa Alief

*

Hafichi. Sheria ya makazi ya 1968 inamkataza kukuelekeza mtaa kwa rangi, dini au asili ya wakazi, kwa hiyo mwenye akili hajibu swali hilo. Nenda mwenyewe saa mbili usiku, ukae garini nusu saa.

Swali analopaswa kukujibu ni la maji. Fomu ya muuzaji hapa Texas inauliza kama nyumba imewahi kuingiwa na mafuriko, kwa hiyo omba hiyo fomu kabla ya kutoa ofa, uone wameandika nini kuhusu Harvey, kile kimbunga cha 2017. Kisha itunze. Tangu 2022 mwenye nyumba naye anatakiwa kumjulisha mpangaji kwa maandishi kama maji yaliingia ndani ya miaka mitano iliyopita, na mwenye nyumba sasa utakuwa wewe.

Kaka wa Sugar Land