Kapasita ya pampu: 100µF ya 250V, mbili za 450V sambamba, au mbili za 250V mfululizo?

MtuWaPasua
Heshima kwenu wakuu. Niko Moshi, Pasua. Pampu yangu ya kisima, nguvu farasi moja, inaunguruma bila kuzunguka. Nikiisukuma feni ya nyuma kwa kijiti inashika na kuendelea vizuri. Fundi kafungua, kapasita imeandikwa 25µF 450V ila mita inasoma 16. Kwamba imechoka hatubishani. Shida ni mbadala, maana ya 25 kamili nimeikosa mjini.

Nilichokiona ni hiki. Nyeusi ya duara, 100µF 250V, bei chee, na muuzaji anasema namba kubwa ndiyo nguvu. Halafu kuna nyeupe mbili, 10µF na 15µF, kila moja 450V, bei yake inauma. Na jirani yangu ana nyeusi mbili za 50µF 250V alizotoa kwenye mashine mbovu, anasema tuziunge mfululizo tupate 25 kwa 500V, tena bure.

Umeme wa nyumbani ni 230. Kwa nini nilipie 450?

FundiKilombero
Kaka, ya 100 mwachie muuzaji. Hiyo ni ya kuwashia. Inakaa kwenye umeme sekunde moja au mbili, mota ikishika kasi swichi ya ndani inaikata. Pampu yako haina swichi hiyo, kapasita inabaki kwenye umeme muda wote maji yanapopanda. Nyeusi itachemka mpaka ipasuke, na koili ya pili ya mota, ile inayopata umeme kupitia kapasita, itafuata. Chukua nyeupe mbili, ziunge sambamba, 10 na 15 ni 25, umemaliza.

Sugu_wa_Majengo
Mafundi bwana, kila kilicho ghali ndicho sahihi. 230 ni ndogo kuliko 250. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

Mwalimu_Sakina
Ndugu Sugu, hesabu yako haina kosa, ila 230 siyo namba ya kulinganisha. Nitafika huko.

Ndani ya kapasita kuna mabamba mawili ya metali na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, katikati. Bamba moja likijazwa elektroni, la pili linapungukiwa kiasi hichohicho, na kati yao unatanda uga wa umeme. Ukali wa uga huo ni volti ugawe kwa umbali kati ya mabamba. Hiyo 250 au 450 iliyoandikwa pembeni haikuambii kapasita ina nguvu gani. Inakuambia kihami kinavumilia mpaka wapi. Hewa inashindwa kwenye volti 3,000 hivi kwa milimita, cheche ikaruka (hapa Arusha, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, inashindwa mapema kidogo maana hewa ni nyepesi). Plastiki nyembamba ya poliprofilini inavumilia zaidi ya mara mia.

Mikrofaradi, hizo µF, ni habari nyingine kabisa. Zinaeleza kapasita inabeba chaji kiasi gani kwa kila volti. Zinaongezeka mabamba yakiwa mapana zaidi, yakikaribiana zaidi, na pia kwa kutegemea kihami chenyewe, jambo ambalo Michael Faraday alilichunguza miaka ya 1830. Sasa piga hesabu. Chukua plastiki yenye unene wa mikromita 7. Ili upate 25µF unahitaji mita za mraba 9, yaani chumba cha tatu kwa tatu, kilichoviringwa kama mkeka ndani ya kopo la kushika kwa mkono mmoja. Ungetumia hewa ya milimita moja badala ya plastiki, ungehitaji zaidi ya mita za mraba 2,800, theluthi mbili za eka na ushee. Huko kwenu kihamba (shamba la ukoo) cha ukubwa huo kinaleta kesi ya ukoo kabla hakijaleta maji.

Tukirudi kwenye 230: kapasita ya pampu haikufungwa moja kwa moja ukutani. Iko mfululizo na koili ya pili, na volti za koili hazipandi pamoja na za kapasita, kwa sehemu kubwa zinapingana. Unachokiona ukutani ni kile kinachobaki baada ya kupingana huko. Kwa hiyo kapasita peke yake inaweza kubebeshwa 300 na zaidi huku laini ikiwa 230 ileile. Volti 350 juu ya mikromita 7 ni uga wa volti milioni 50 kwa mita. Iliyoandikwa 250 hapo haina chake.

Na ile 100µF ina ubaya wa pili. Kwenye umeme wetu wa hezi 50, kapasita ya 25µF inauzuia mkondo kama omu 127. Ya 100µF, omu 32 tu. Koili ya pili haikusukwa kwa mkondo huo.

FundiKilombero
Mwalimu kasema. Nami ukiniwekea mita kwenye pini za kapasita wakati pampu inakwenda, 350 na kitu hainishtui.

JiraniMwenyewe
Jirani anayesemwa ni mimi. Haya, mfululizo wangu ni 500V, kwa hiyo 350 inatosha na inabaki. Nionyesheni kosa.

Mwalimu_Sakina
Kwenye karatasi hakuna kosa, jirani. Kuunga mfululizo ni sawa na kuongeza umbali kati ya mabamba: mikrofaradi zinakuwa nusu, volti zinagawanywa. Kuunga sambamba ni kuongeza eneo, ndiyo maana 10 na 15 zinajumlishwa na volti zinabaki 450.

Kosa liko kwenye kihami. Nyeusi hizo ndani ni alumini yenye tabaka la oksidi, jembamba mno, nanomita moja na nusu hivi kwa kila volti, likiwa limelowa majimaji yanayopitisha umeme. Wembamba huo ndio unaofanya kopo dogo libebe mikrofaradi nyingi. Lakini mkondo unapogeuka, na unageuka mara 100 kwa sekunde, sehemu ya nishati inabaki humo ikiwa joto. Ukilinganisha na plastiki, joto hilo ni kubwa mara makumi. Sekunde mbili linavumilika. Saa nzima ya kujaza tenki, hapana, hata ukiziweka mbili. Tena kuukuu hazilingani: yenye mikrofaradi chache ndiyo inayobebeshwa volti nyingi.

KidatoChaTano
Samahani mwalimu, shikamoo. Ilikuwa 25 ikawa 16. Umbali umeongezeka au?

Mwalimu_Sakina
Marahaba. Umbali uko palepale, eneo ndilo limeliwa. Kwenye nyeupe hizi bamba ni utando wa metali uliopakwa juu ya plastiki. Plastiki ikitoboka mahali padogo, cheche inaunguza metali ya kuzunguka tundu, na sehemu hiyo inajitenga. Kapasita inapona na kuendelea na kazi, ila kila kupona kunapunguza eneo. Kutoka 25 hadi 16 ni zaidi ya theluthi ya bamba imekwenda.

FundiKilombero
Laini za mtaani zikipanda na kushuka, radi za masika juu yake, ndivyo zinavyokufa. MtuWaPasua, kabla hujaigusa hiyo ya zamani, zima umeme kisha igusishe pini zake kwenye balbu ya waya, zile za zamani, mpaka chaji iishe. Bisibisi usiweke, inaruka cheche na kuharibu pini.

Mwalimu_Sakina
Naongezea. Ikikatwa kwenye kilele cha wimbi, ambapo 350 ya mita inafika volti karibu 500, kapasita ya 25µF nzima inabaki na jouli 3. Pengine haikuui, lakini utaruka na kugonga kitu.

MtuWaPasua
Nimechukua nyeupe mbili. Pini ipi chanya?

FundiKilombero
Hazina chanya wala hasi, kaka. Pini ya hii na pini ya ile pamoja, upande wa pili vivyo hivyo, kisha waya mbili zilizokuwa kwenye ile ya zamani. Pini zifunike. Zifunge mbali kidogo na mwili wa mota, joto lake linazimaliza mapema.

Sugu_wa_Majengo
Basi nyeusi ya 100 naifuata mimi. Nina kompresa, hiyo swichi ya ndani inayo, kila ikiwaka inalia tak.

FundiKilombero
Ya zamani imeandikwa ngapi?

Sugu_wa_Majengo
Maandishi yamefutika.

FundiKilombero
Basi soma kibao cha mota kwanza, weka picha hapa.