Keki ya chokoleti bila yai, maziwa wala siagi, kwa vitu vilivyomo kabatini: inawezekana?

Mwana_Jikoni:

Habari za jioni wadau. Shemeji yangu anakuja kukaa nasi wikendi hii, na siku hizi hagusi chochote kitokanacho na mnyama. Si nyama tu: yai, maziwa, siagi, hata asali hali. Nataka nimwokee keki ya chokoleti aile kwa amani, asiwe mtu wa kuulizauliza kuna nini ndani.

Tatizo ni kwamba karibu kila resipi ya vegani ninayokutana nayo inataka maziwa ya lozi, mbegu za kitani, siagi ya mimea na vinginevyo ambavyo nikivinunua vyote, keki moja itakula bajeti ya wiki. Kabatini nina unga wa ngano wa kawaida, sukari, kakao, mafuta ya kupikia, siki nyeupe, beking soda, chumvi na kichupa cha vanila. Nikichukua resipi yangu ya kila siku, nikaondoa mayai na kuweka maji mahali pa maziwa, itatoka? Na hii siki inaingiaje kwenye keki? Nimeiona sehemu nikashangaa.

Mwokaji_Kakao:

Karibu sana. Resipi yako ya kila siku iache kama ilivyo, usiiondolee mayai. Ilipangwa kuyazunguka: yai ndilo linaloishikilia, na ile hewa unayoichapa ndani ya siagi na mayai ndiyo inayoinyanyua. Ukiyatoa, unabaki na kitu kizito kisichoumuka, halafu utasema keki za vegani ni mbaya, na hilo ndilo linaloniuma ninaposoma maswali kama haya.

Oka keki iliyotungwa bila yai tangu mwanzo. Ipo, tena ni ya zamani. Keki za aina hii zilienea Marekani wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, zikaendelea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mayai, maziwa na siagi vilipokuwa adimu au vya mgawo. Waliozioka walikuwa wanabana matumizi tu, wala hawakuwa wanafuata uvegani. Kwa hiyo ukiniuliza keki ya vegani ya bei nafuu ni ipi, nitakujibu ni hii, ambayo ni ya vegani kwa sababu ni ya bei nafuu. Vitu vyote umeshavitaja mwenyewe. Huna cha kununua.

Washa oveni kwanza, nyuzi 180 za Selsiasi, ndipo ushike bakuli. Utaona kwa nini. Pakaa mafuta bati la mraba la sentimita 20, au la duara la sentimita 23.

Chekecha pamoja unga kikombe kimoja na nusu (kikombe cha mililita 240, hapo ni kama gramu 190), kakao theluthi ya kikombe, beking soda kijiko kimoja cha chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Ongeza sukari kikombe kimoja, gramu 200, uchanganye. Usiruke kuchekecha. Kakao hujificha kwenye vidonge vidogo vikavu, na beking soda iliyoganda mahali pamoja utaikuta kwenye tonge la mtu ikiwa na uchungu wa sabuni.

Kwenye jagi weka maji kikombe kimoja, mafuta theluthi ya kikombe (mililita 80), vanila kijiko cha chai na siki kijiko kimoja cha chakula. Mimina kwenye unga, koroga, tia kwenye bati, ingiza ndani. Dakika 30 hadi 35. Zamani walikuwa hawachafui hata bakuli: walichimba vishimo vitatu kwenye unga humohumo batini, kimoja cha mafuta, kimoja cha siki, kimoja cha vanila, wakamwagia maji juu na kukoroga. Inawezekana, ila pembeni hubaki unga mkavu usipokuwa makini, kwa hiyo mimi napendelea bakuli.

Sasa siki. Siki ni asidi, beking soda ni kinyume chake. Zikikutana hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na gesi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya yai na mchapo katika keki hii. Angalia rojo lako sekunde chache baada ya kumimina: litalegea kwanza, kisha utaona vitundu vidogo vinapanda juu na kupasuka, na ukipitisha mwiko utausikia mwepesi kuliko ulivyokuwa. Hapo saa imeshaanza kuhesabu. Gesi haikusubiri utafute karatasi ya kuokea wala ujibu simu, na ndiyo maana nimesema oveni iwe na moto tayari. Kukoroga nako kuna kiasi. Acha mara tu unapoona hakuna unga mkavu, hata kama kuna vidonge viwili vitatu vya ukubwa wa punje ya mchele. Ukiendelea, unga wa ngano unajenga gluteni (protini yake inayovutika) na keki inakuwa ngumu, yenye matundu marefu ndani.

Usiogope ladha ya siki, haitakuwepo. Kijiko hicho kimoja cha siki ya kawaida ya asilimia 5 kinatumia kama sehemu moja ya tano tu ya ile soda, maana yake siki ndiyo inayoisha kwanza. Soda inayobaki inakutana na asidi ya kakao, na nyingine inavunjwa na joto la oveni na kutoa gesi zaidi. Huo ubaki kidogo wa soda pia ndio unaoipa keki rangi nzito. Lakini usifanye ukarimu ukaongeza soda. Kijiko cha chai, ukikwangue juu kwa mgongo wa kisu kiwe sawasawa, basi.

Sinia_Kubwa:

Maelezo mazuri. Mimi huwa naongeza ndizi mbivu iliyopondwa mahali pa yai. Si inasaidia kushikilia? Halafu hapa nina beking pauda tu, sina beking soda wala siki. Nifanyeje?

Mwokaji_Kakao:

Ndizi inashikilia kweli, lakini ladha yake haijifichi, na chokoleti inageuka mgeni kwenye keki yake yenyewe. Ukitaka keki ya ndizi, oka keki ya ndizi. Ni tamu na ina heshima yake. Katika hii hakuna pengo la yai la kuziba. Wanga na gluteni ya unga vinatosha kuishikilia, mafuta yanaipa ulaini. Kwa kuwa mafuta ya kupikia hayagandi kama siagi, kesho yake keki itakuwa bado laini.

Kuhusu beking pauda, ile tayari ina asidi yake ndani pamoja na wanga, ndiyo maana nguvu yake ni ndogo kuliko ya soda. Weka vijiko viwili vya chai, siki uiache kabisa. Itaumuka vizuri, ila rangi itakuwa ya kahawia nyepesi zaidi. Aliye na soda lakini hana siki akamue limau, kipimo kilekile.

Kama soda imekaa kabatini muda mrefu, ijaribu: chota kidogo kwenye kisosi, idondoshee siki. Itoe povu papo hapo kwa nguvu. Ikitoa vitone vya uvivu, itupe. Beking pauda ijaribu kwa maji ya moto.

Mwana_Jikoni:

Asante mno dada, umenifungua macho. Nimekwenda kuangalia kabatini. Nina makopo mawili ya kakao. Moja imeandikwa imetiwa alkali, nyingine haina maelezo hayo. Kuna tofauti? Na kuna ile chokoleti ya unga ya kunywa, naweza kuitumia hiyo iishe?

Mwokaji_Kakao:

Ya kunywa iache. Huwa imechanganywa na sukari nyingi, mara nyingi na maziwa ya unga pia, na hapo utakuwa umevunja ahadi yako kwa shemeji bila kujua. Soma orodha ya viambato. Unataka iliyoandikwa kakao peke yake.

Hayo makopo mawili yanatofautiana. Kakao asilia ina asidi yake na ladha yenye ukali kidogo kama wa matunda. Iliyotiwa alkali, ambayo wengi huiita ya Kiholanzi kwa sababu ya Coenraad van Houten aliyeanzisha njia hiyo katika karne ya 19, imepunguziwa asidi. Ni nyeusi zaidi na ladha yake imetulia. Kwa keki hii chagua asilia, kwa sababu asidi yake inaisaidia siki kuimaliza soda. Ukiwa na ya Kiholanzi peke yake itatoka pia. Siki ipo kwa ajili hiyo, ila soda ipunguze iwe robo tatu ya kijiko cha chai. Hiyo iliyotiwa alkali itakufaa kwenye urembo wa juu.

Na kama unataka chokoleti isikike zaidi bila kuongeza hata kijiko cha kakao, chemsha yale maji, uyamimine juu ya kakao peke yake kwanza, ukoroge, uache ipoe mpaka vuguvugu. Harufu itabadilika hapohapo jikoni. Kahawa nyeusi badala ya maji inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na keki haitakuwa na ladha ya kahawa waziwazi.

Urembo wa juu ufanye rahisi: sukari ya unga kikombe kimoja, kakao vijiko viwili vya chakula, maji ya moto vijiko viwili vya chakula. Ongeza maji kwa matone mpaka iteremke polepole kwenye kijiko. Kama huna sukari ya unga, saga ya kawaida kwenye blenda kavu. Imwagie keki iliyopoa kabisa, ikiwa ya moto itanyonya yote.

Jiko_Moja:

Swali la sisi tusio na oveni, tafadhali. Na shemeji akiuliza kuhusu sukari? Nilisikia eti nyingine si ya vegani.

Mwokaji_Kakao:

Umesikia sawa. Baadhi ya viwanda huchuja sukari ya miwa kwa mkaa wa mifupa ili iwe nyeupe. Mifupa haiingii kwenye sukari yenyewe, lakini wapo vegani wanaoikataa. Sukari ya viazisukari haipitii huko, na pakiti nyingine husema wazi kuwa zinafaa. Hili Mwana_Jikoni amuulize shemeji mapema, kwa simu, kabla hajapima kitu. Wengine halijawahi kuwasumbua, wengine ni jambo la msingi, na kumuuliza mtu anachokula ni heshima. Angalia pia majarini kama unapanga kupaka bati: si zote zisizo na maziwa, ndiyo maana nimesema mafuta.

Kwa jiko la kawaida, tafuta sufuria zito lenye mfuniko unaobana. Weka kikalio ndani ili bati lisiguse chini, funika, ulipashe moto mdogo dakika 10 kabla ya kukoroga rojo. Ingiza bati, punguza moto uwe mdogo kabisa, na usifunue dakika 30 za mwanzo. Inachukua muda zaidi, kama dakika 40 hadi 50 kutegemea sufuria. Funga kitambaa safi kwenye mfuniko, ncha zake zikiwa juu mbali na moto, ili mvuke usidondokee keki. Juu haitakauka kama ya oveni. Ndani haina tofauti.

Iwe oveni au sufuria, usiamini saa peke yake. Chomeka kijiti cha meno katikati: kikitoka na chembe mbili za keki imeiva, kikitoka na rojo bado. Bonyeza kwa kidole, irudi juu yenyewe.

Mwana_Jikoni:

Nimempigia. Sukari haimsumbui, ila amesema mtoto wake ana mzio wa maziwa. Niioke Ijumaa au nisubiri Jumamosi asubuhi?

Mwokaji_Kakao:

Ioke Ijumaa jioni. Ladha ya kakao hutulia usiku, na kesho yake inakatika bila kuvunjika. Ipoe kwenye bati dakika 15, kisha igeuze, ipoe kabisa, uifunike. Urembo weka Jumamosi.

Lakini kwa mzio mambo ni mazito kuliko uvegani. Osha upya bati, mwiko na chekecheke, hasa chekecheke, maana maziwa ya unga hukaa kwenye vitundu vyake. Fungua pakiti mpya ya kakao kama iliyopo umewahi kuichota kwa kijiko chenye maziwa. Vipande vya chokoleti nyeusi usiviweke, hata kama viambato havitaji maziwa, kwa sababu nyingi hutengenezwa kwenye mashine zilezile za chokoleti ya maziwa. Kama pakiti imeandikwa kuwa huenda kuna chembe za maziwa, shemeji anaweza kuila lakini mtoto usimpe. Pakiti zote ziache mezani, shemeji azisome mwenyewe.