Mjadala: Icon ni nakala tu ya Superman, au ni komiki iliyodhulumiwa kuliko zote za miaka ya 1990?

MTOA MADA

Wakuu, nimemaliza kuusoma mfululizo wa Icon kwa mara ya tatu, matoleo yote 42, na siwezi kukaa kimya. Kila zikitajwa komiki bora za mashujaa za miaka ya 1990, orodha ni ileile na Icon haimo. Mtu akiikumbuka, anaikumbuka kwa maneno mawili: "Superman mweusi". Maneno hayo ndiyo yaliyoizika, na ndiyo nataka tuyajadili.

Kwa ambao hawajaisoma: mwaka 1993 Dwayne McDuffie na wenzake, Wamarekani Weusi, walianza kutoa komiki chini ya kampuni yao ya Milestone. DC, kampuni inayotoa komiki za Superman, walichapa na kusambaza, lakini wahusika walibaki mali ya Milestone. Icon ilitoka mwaka huohuo pamoja na Hardware, Blood Syndicate na Static. McDuffie aliandika, M. D. Bright akachora.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1839 chombo cha kiumbe wa sayari nyingine, Arnus, kinaanguka kwenye shamba la pamba kusini mwa Marekani. Kinamgeuza afanane na binadamu wa kwanza atakayemkuta, na anayemkuta ni Miriam, mwanamke mtumwa. Basi Arnus anakuwa mtoto mchanga Mweusi, analelewa utumwani. Hazeeki kama sisi, kwa hiyo kizazi kikipita anajifanya mwanawe mwenyewe, mpaka tunapomkuta anaitwa Augustus Freeman wa Nne, wakili tajiri wa jiji la kubuni la Dakota, mhafidhina, anayeamini kila mtu ajikwamue kwa jasho lake.

Usiku mmoja vijana wanavunja nyumba yake. Anapigwa risasi, risasi haimwingii. Kati yao yumo Raquel Ervin, binti wa miaka 15 kutoka Paris Island, mtaa wa makabwela, ambaye ndoto yake ni kuwa mwandishi. Anarudi peke yake kwa mzee yule na kumwambia usoni: nguvu zote hizi unazo, na umekaa tu? Ndiye anayemfanya awe Icon. Yeye mwenyewe anavaa mkanda wenye nguvu, anakuwa Rocket.

Sasa tazameni mwisho wa toleo la kwanza. Wawili hao wanaruka kwenda kuwasaidia polisi. Icon, mtu wa sheria, ana hakika watapokelewa vizuri. Wanachokutana nacho ni mitutu ya bunduki, imewaelekea wao. Superman akitua, watu wanashangilia. Ukurasa ule mmoja unaniambia kuwa huyu si Superman aliyepakwa rangi. McDuffie amekichukua kisa cha mtoto aliyeokotwa na wakulima wema wa Kansas, akauliza: je, kama aliyemwokota angekuwa yeye mwenyewe ni mali ya mtu?

Karibuni kwa hoja.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, mada nzuri, lakini mimi napinga. Katoka angani, kaokotwa shambani, anaruka, anavaa joho, ana nguvu zilezile. Ukiondoa rangi ya ngozi na mwaka wa kuanguka, kinabaki nini? Sisemi imeandikwa vibaya. Nasema ukijenga nyumba juu ya msingi wa jirani, watu wataiita nyumba ya jirani hata ukiipaka rangi gani. Static alikuja na kisa chake mwenyewe, kijana wa shule mwenye nguvu za umeme, na ndiye aliyepata katuni ya televisheni kuanzia 2000 hadi 2004. Icon hakupata. Wasomaji hawakuonea mtu, walichagua.

MCHANGIAJI WA PILI

Nyote wawili mnamzungumzia Icon. Mimi nilisoma kwa ajili ya Raquel.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimeshuhudia wanafunzi wangu wakipata mimba na kutoweka darasani kama vile hawakuwahi kuwepo. Hapa Tanzania, waliojifungua walifunguliwa mlango wa kurudi shule za kawaida mwishoni mwa 2021. Raquel anapata mimba mwanzoni kabisa mwa mfululizo, miaka ya 1990, kwenye komiki ya mashujaa! Na mwandishi hamfichi wala hamwadhibu. Anatuonyesha akihangaika na uamuzi wa kuitoa mimba au kuilea, hakuna anayeamua kwa niaba yake. Anapoamua kuzaa, mkanda unavaliwa na rafiki yake Darnice kwa muda, kisha Raquel anarudi akiwa mama na bado ni Rocket. Nionyesheni Superman mwenye msaidizi wa namna hiyo, ndipo tuzungumze habari za nakala.

Sauti inayosimulia ni yake. Jina kwenye jalada ni la Icon, hadithi ni ya Raquel.

MCHANGIAJI WA TATU

Naongezea la soko, kwa sababu kaka hapo juu anasema wasomaji walichagua. Kuchagua gani? Novemba 1992 DC walitoa toleo la kifo cha Superman, watu wakanunua makasha kwa makasha wakidhani watauza kwa faida baadaye. Maduka yakajaa, kisha soko likaanguka. Kufikia Desemba 1996 hata Marvel, wapinzani wakubwa wa DC, waliomba mahakama iwalinde dhidi ya wadai kwa kuwa wamefilisika. Milestone walizaliwa katikati ya dhoruba hiyo na komiki zao zikasimama 1997. Tena wenye maduka waliona sura Nyeusi kwenye jalada wakahesabu wateja Weusi tu, wakaagiza nakala chache. Kitabu ambacho hakipo rafuni hakichaguliwi.

Na kitu kimoja hakisemwi: rangi. Milestone walikuwa wakipaka rangi kwa mkono, kwa brashi. Fungueni ukurasa wowote wenye umati wa watu Dakota mhesabu aina za weusi. Wapo wa chokoleti, wa maji ya kunde, weusi tii. Kabla ya hapo ilikuwa kahawia moja kwa wote.

MTOA MADA

Asanteni. Mwalimu, umenishinda kwenye hoja yangu mwenyewe. Nakubali kwamba nilianza na Icon wakati nilistahili kuanza na Raquel.

Kaka wa kwanza, kuhusu msingi wa jirani: mfululizo wenyewe unajua deni lake. Yupo mhusika anaitwa Buck Wild, aliyeundwa kuwatania wale mashujaa Weusi wa miaka ya 1970, wababe wa mitaani wenye maneno mengi. Unacheka anapotokea. Baadaye anakufa, na McDuffie anamfanyia mazishi ya heshima, kwa sababu walichorwa vibaya lakini ndio waliokuwepo wakati hakuna wengine. Anayenakili hafanyi hivyo.

Bado hamjaniuliza jina la mtoto wa Raquel. Ni Amistad. Hiyo ni meli ambayo Waafrika waliotekwa, wengi wao Wamende wa Sierra Leone, waliiasi na kuiteka wakiongozwa na Sengbe Pieh, kisha wakapigania uhuru wao mahakamani Marekani mpaka wakashinda mwaka 1841. Uasi wenyewe ulitokea Julai 1839. Rudini juu muangalie chombo cha Arnus kilianguka mwaka gani. Nilisoma mara mbili bila kuliona hilo.

Tangu 2022 DC wanauza mkusanyiko mkubwa wa matoleo ya mwanzo ya Milestone. Kaka, soma hadi Amistad azaliwe, kisha urudi uniambie kama bado unaona nyumba ya jirani.